Mtiki Wangu Ulivyonifikisha Karatu

Mtiki wa Longuza humfurahisha mnunuzi na kumtesa fundi wa nyumbani. Shamba lile la serikali liko Muheza, jirani na kwetu Tanga, kwa hiyo mbao zake hatuzitafuti mbali. Taabu ni kwamba mtiki una chembe za silika ndani yake, jamii moja na mchanga, na hakuna chuma kinachokatana na mchanga kila siku kikabaki na makali. Randa yangu ya mkono nikiinoa asubuhi, kabla ya adhuhuri inataka kinoo tena. Mwenye duka la samani hajali hilo, ana vijana. Mimi nina ua wa nyumba, benchi moja na mabega yanayozeeka.

Basi nikaazimia kununua mashine ya randa, ile ya unene, ambayo ubao unaingia upande huu na kutokea upande wa pili ukiwa na kipimo kimoja tangu kichwa hadi mkia. Kuazimia si kazi. Kazi ni kuchagua, maana kila niliyemuuliza alinitajia mashine yake mwenyewe, na ubishi mkubwa ulikuwa juu ya ngoma, yaani lile gogo la chuma linalozunguka ndani na kubeba visu. Wapo wanaoapa kwa ngoma ya visu virefu, na wapo wanaosema zama hizi ni za ngoma ya vipande vidogo, visu virefu ni vya kizamani.

Dada yangu ameolewa Karatu miaka mingi, na aibu ni yangu kwamba sikuwa nimewahi kufika kwake. Mdogo wa mumewe ni seremala; anatengeneza milango, vitanda na makabati ya hoteli na kambi za watalii. Nilipompigia simu hakunipa somo refu. "Shemeji, usinunue kwa picha. Njoo, ninazo mbili za aina mbili. Tutapitisha ubao wako mwenyewe." Nikafunga vipande vya mtiki kwenye gunia, na risiti yake nikaiweka mfukoni, kwa sababu mazao ya misitu yakiwa barabarani huulizwa karatasi hata yakiwa kidogo.

Kutoka Tanga hadi Arusha kwa Segera, Korogwe, Same na Moshi ni safari ya kutwa nzima, na sina jipya la kusema juu yake. Nililala Arusha, asubuhi nikapanda kosta ya Karatu, kilomita kama 140. Konda alilipiga gunia langu teke dogo.

"Mzee, humu mna nini?"

"Mbao."

"Unapeleka mbao Karatu?"

Basi zima likacheka. Nilikuja kuelewa kicheko hicho baadaye.

Hadi Makuyuni tulikuwa kwenye barabara kuu ya Babati na Dodoma, nyika imelala wazi pande zote, vumbi la ng'ombe likisimama mbali. Pale tukakata kulia. Mto wa Mbu ni migomba, maji na wachonga vinyago walioweka mpingo barabarani. Nilitamani kushuka niwaulize wananoa vipi tezo zao, konda akawa ameshagonga bati. Baada ya hapo gari linapanda ukuta wa Bonde la Ufa. Kila kona inapokatwa Ziwa Manyara linazidi kushuka, na mtu wa pwani kama mimi, aliyezoea kuliona jua likitua juu ya ardhi iliyo sawa, anajikuta ameshika kiti cha mbele bila kuambiwa. Juu, hewa ni nyingine kabisa. Udongo ni mwekundu, mashamba ya mahindi, ngano na mbaazi yamepanda na kushuka na vilima, na kando ya kila shamba na kila njia ya nyumba imesimama migrivelia.

Hapo ndipo konda alipokuwa na haki ya kucheka. Mgrivelia asili yake ni Australia. Huku ulipandwa kwenye mashamba ya kahawa uipe kivuli mibuni, ukaenea hadi kwenye mipaka ya wakulima wadogo. Sasa ndio ubao wa kila siku wa Karatu, pamoja na saipresi. Mtu akihitaji milango huangusha mti wake mwenyewe, humwita mwenye chenso, na mbao zinapasuliwa palepale shambani.

Nilipokewa kwa "Saita", salamu ya Kiiraqw, ambayo nilijibu kwa Kiswahili na kucheka nikaokoka. Mama mzazi wa shemeji nilimwamkia, akanishika mkono muda mrefu akiuliza habari za bahari. Tulikula makande ya moto. Karatu iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na nilichobeba kama sweta kilikuwa mzaha mbele ya baridi ile.

Karakana ni banda la mabati nyuma ya nyumba, upande mmoja uko wazi. Sakafu ilijaa maranda hadi kwenye kifundo cha mguu, na kina mama wafugao kuku walikuwa wakijaza viroba vyao bila kuulizwa. Mashine ya kwanza ni ya Kichina, zile za mchanganyiko: ina msumeno, ina meza ya juu ya kunyooshea ubao, na chini ya meza hiyo unapita ubao wa kupunguzwa unene, yote kwa ngoma moja ya visu vitatu virefu. Inatumia umeme wa fezi tatu. Ya pili ni DeWalt DW735, mashine ya kubebeka ya inchi 13, iliyofika kutoka Marekani ndani ya kontena la vitu vilivyotumika. Hiyo ni ya umeme wa volti 120, nao wetu ni 230, kwa hiyo imekaa karibu na transfoma yake nzito. Ilitoka kiwandani na visu vitatu vyembamba. Shemeji alipochoka kuvitafuta Arusha aliagiza ngoma ya kubadilisha, yenye vipande 40.

Kabla ya kuwasha chochote alinifundisha kupanga visu virefu, na hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu wauzaji hawalisemi jambo hili. Umeme unakatwa kwanza kwenye swichi ya ukutani, si ya mashine. Kisu kinawekwa kwenye mfereji wake ndani ya ngoma, skrubu zinabanwa nusu. Kisha shemeji akachukua kijiti cha mbao kilichonyooka, akakilaza juu ya meza ya kutokea, akachora alama ya penseli kwenye kijiti pale meza inapoishia. Akazungusha ngoma kwa mkono, polepole. Kisu kilipopita chini ya kijiti kilikigusa, kikakivuta mbele milimita chache, kikakiacha. Akachora alama ya pili. Akahamisha kijiti hadi mwisho mwingine wa kisu, akarudia. Kijiti lazima kivutwe umbali uleule kushoto na kulia, na uleule kwa kila kisu. Kisu kimoja kikijitokeza zaidi ya wenzake, hicho peke yake ndicho kitakachokata, na vingine vitazunguka bure. Kazi hiyo ilichukua muda wa chai mbili.

"Na ukigonga msumari?" nikamuuliza.

Akanionyesha. Kwenye kisu kimoja palikuwa na pengo dogo, dogo kuliko punje ya mtama. Mlango wa zamani uliletwa na mteja uchongwe upya, msumari uliokatika ulikuwa umejificha ndani. Pengo hilo linaacha uzi uliosimama kwenye ubao, kuanzia mwanzo hadi mwisho, na visu vyote vitatu vikigonga msumari mmoja mapengo yanakaa mstari mmoja. Dawa ya mafundi ni kukilegeza kisu kimoja na kukisogeza pembeni kiasi kidogo, pengo la hiki lifutwe na makali ya kile. Inafaa hadi siku ya kunoa.

Kunoa ndiko kunakomuuma shemeji. Kisu kirefu cha chuma cha haispidi hakinolewi kwa jicho. Kinahitaji jiwe linalokwenda sambamba nacho na maji ya kukipoza, la sivyo kinaungua, makali yakaharibika. Hajapata Karatu mtu wa kumwamini kwa hilo. Visu vyake vinapanda kosta kwenda Arusha, vinarudi vikiwa vimefungwa kwenye gazeti, na siku vikiwa safarini mashine inakaa kimya ila awe na seti ya akiba.

Ngoma ya vipande imejengwa kwa wazo jingine. Badala ya kisu kirefu, imezungukwa na vipande vidogo vya mraba vya kabaidi, kila upande karibu milimita 15, vimepangwa kwa mstari unaojipinda kulizunguka gogo. Kabaidi ni tangsteni na kaboni zilizoshikamanishwa kwa kobalti. Ni ngumu mno kuliko haispidi, ingawa hukatika kwa urahisi zaidi ikigongwa. Kipande kina makali manne. Upande mmoja ukichoka au ukimeguka, unalegeza skrubu yake, unakigeuza robo, unakaza, basi. Ukigonga msumari unageuza vipande viwili vitatu vilivyoumia, vingine havihusiki. Sharti lake ni usafi: pakibaki chembe ya maranda chini ya kipande, kinainuka kidogo na kuchora mstari kwenye kila ubao, na skrubu zote zikazwe kwa nguvu moja.

Tukaanza na grivelia. Ubao huo una miale mipana inayong'aa, inayoonekana hasa mti ukipasuliwa kuelekea kiini, na nyuzi zake hubadili mwelekeo bila taarifa. Kwenye visu virefu ulitoka safi nusu ya kwanza, kisha palipogeuka nyuzi zikanyofoka, pakabaki mashimo madogo ambayo msasa ungeyafukuza kwa saa nzima. Ubao pacha wake, uliopasuliwa kutoka gogo lilelile, ukapita kwenye vipande. Mashimo yalikuwepo, machache na mafupi, mengine ni ya kutafutwa kwa kidole. Sababu inaeleweka: kipande kinakata eneo dogo kwa wakati mmoja na kimekaa kwa mshazari kidogo, kinakata nyuzi kwa kuteleza, hakizing'oi.

Mtiki wangu ukanishangaza. Visu virefu vilikuwa vimetoka Arusha wiki ile, na kwenye mtiki ulionyooka nyuzi viliacha uso unaong'aa kuliko ule wa vipande. Ukiuinamisha ubao wa vipande kwenye mwanga unaona vijibonde vyembamba vilivyopangana. Msasa unavimaliza upesi, lakini vipo, na anayekuambia ngoma ya vipande hushinda kila mahali anakuuzia. Shemeji hakubisha. "Leo ndiyo siku ya visu virefu," alisema. "Pitisha mtiki wa gunia zima, kisha nirudie uniambie." Mtiki na mvule vinakula chuma, mvule hata hubeba ndani yake vijiwe vya chokaa vinavyomkuta fundi bila hodi. Kabaidi ndiyo inayovumilia mambo hayo.

Upande wa kelele nilitarajia makubwa. Ngoma ya vipande kweli inaunguruma chini zaidi wakati wa kukata. Ila mashine za kubebeka zina mota yenye brashi za kaboni, na mota hiyo inapiga yowe hata bila ubao. Kama una jirani mwenye mtoto mchanga, ngoma haitakupatanisha naye.

Jioni umeme ulipungua nguvu, taa zikafifia, na mashine ya transfoma ikaanza kusota kwenye ubao mpana. Shemeji akaizima mara moja. Ngoma ya vipande, pamoja na sifa zake, huielemea mota zaidi. Ukiiweka kwenye mota ndogo ukubali kula unene kidogokidogo. Jenereta nayo ina hesabu ya hapa milimani: injini ya petroli hupoteza takriban 3% ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, kwa hiyo inayotosha Tanga ikifika Karatu imepungukiwa karibu na 15%. Mambo hayo hayaandikwi kwenye boksi.

Siku iliyofuata tulikwenda Ngorongoro. Shemeji alikuwa ameitwa kwenye hoteli moja ya ukingoni, mlango aliouweka kiangazi umekataa kufunga. Tulipita lango la Lodoare, na mara msitu ukatufunika. Ukungu ulikuwa mzito kiasi cha taa za gari kugeuka kuwa madoa mawili ya njano, maji yakidondoka kutoka kwenye ndevu ndefu za kuvu zilizoning'inia matawini. Nyati alisimama kando ya njia akatutazama tukimpisha yeye. Kwa jicho la seremala msitu ule ni mateso: mashina manene, yaliyonyooka, na hakuna wa kuyagusa. Hifadhi ilitengwa na Serengeti mwaka 1959, UNESCO ikaiingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1979, na msitu huu ndio unaolisha chemchemi za mashamba ya Karatu kule chini. Kila ubao uliomo hotelini umepandishwa kutoka nje. Naona ni haki. Mti mmoja wa pale una kazi kubwa kuliko kabati langu.

Ukungu ulifunguka tukiwa ukingoni, kwa muda mfupi. Wengi wameshaeleza shimo lile, kina cha mita 600 na eneo la kilomita za mraba kama 260, na mimi sitashindana nao. Nitasema tu kwamba nilitafuta kwa macho msitu wa Lerai, ile migunga ya njano sakafuni, nikauona kama doa. Shemeji akasema wazee wanaukumbuka ukiwa mkubwa zaidi. Kisha pazia likafungwa, tukaenda kwenye mlango wetu.

Mlango ni wa saipresi, ameupiga randa mwenyewe kwenye mashine ya Kichina, kipimo kimoja kila kona. Karatu ulifunga vizuri. Huku juu, zaidi ya mita 2,000, kwenye ukungu wa kila asubuhi, mbao zimekunywa unyevu zikavimba kwa upana. Alitoa bawaba, akaulaza juu ya vigoda viwili, akachukua randa ya mkono. Maranda membamba yakawa yanatoka marefu, yakijikunja, na kila baada ya kupita mara mbili tatu aliurudisha mlango kujaribu. Akapaka vanishi pale alipopunguza, hasa juu na chini, ambako ubao hunywa zaidi. "Mashine inakupa kipimo cha leo," aliniambia, "ubao una kipimo chake cha kesho." Tangu siku ile mbao za kazi za ukingoni anaziacha kwanza zikae huko chini ya paa kabla hajazipa unene wa mwisho.

Kuna jambo jingine nililolijua nusu na kulimaliza kule. Mashine ya unene hainyooshi ubao uliopinda. Rola zinaukandamiza ukapita umenyooka, ukitoka nyuma unarudia kupinda kwake, mwembamba zaidi tu. Mwenye mashine ya mchanganyiko hunyoosha uso mmoja kwanza juu ya meza. Asiye nayo, kama mimi, hutengeneza kibao cha kubebea, ubao unakaa juu yake, penye uwazi panatiwa vikabari vinavyoshikwa kwa gundi kidogo, na vyote viwili vinapita pamoja mpaka uso wa juu unyooke, kisha unageuza. Na mwanzo na mwisho wa ubao huliwa zaidi kidogo kuliko katikati, kwa hiyo kata urefu wa ziada, upunguze baadaye.

Niliporudi Arusha niliingia dukani nikijua ninachotaka. Nimechukua Makita 2012NB: upana wa milimita 304, umeme wetu wa kawaida wa nyumbani, chini ya kilo 30, visu viwili virefu vyenye makali pande mbili. Inazunguka mara 8,500 kwa dakika na kuvuta ubao mita 8.5 kwa muda huohuo, maana yake kila milimita ya ubao inakatwa mara mbili, na kwa meza ya chakula hiyo inanitosha. Kisu kikichoka nageuza. Kikichoka tena naweka kingine, na nimenunua seti mbili za akiba. Ngoma ya vipande kwa mashine ndogo za namna hii hukaribia bei ya mashine yenyewe, na mimi napiga randa mbao za kazi yangu ya mwisho wa wiki, kwenye mji wenye wanoaji.

Kwa shemeji hukumu ni kinyume, na ana haki. Anafanya kazi kila siku, mbao zake zina misumari ya watu wengine, na mnoaji wake yuko kosta moja kwenda na nyingine kurudi. Yeye sasa anatafuta ngoma ya vipande ya ile ya Kichina. Ukiwa katika hali yake, anza na ngoma hiyo na usiangalie nyuma.

Vyovyote iwavyo, ukienda dukani beba ubao wako, wa mti unaoutumia, wenye kifundo kimoja na nyuzi zilizogeuka, na uombe upitishwe mbele yako kabla hujalipa. Muuzaji atakayekataa, mwache na mashine yake. Na uulize visu vya akiba vipo rafuni au vitaagizwa.